Kiti cha Mtendwa

Kazi yangu ni maabara ya zahanati. Kutwa napima choo, mkojo na makohozi ya watu, na saa ya mapumziko ikifika nanawa mikono, nakaa chumba cha pili, nakula mkate wangu bila wasiwasi. Watu huniuliza sichefukwi vipi. Nawaambia uchafu wa kwenye kikopo una kifuniko na una lebo, unajua umeshika nini. Kichefuchefu nilikijulia nyumbani kwangu, kwenye meza ya chakula, saa ya somo la Kilatini.

Aliyetuletea Kilatini ni baba mkwe. Alikifundisha maisha yake yote kwenye shule ya bweni ambayo kila mzazi mjini kwetu anaililia. Wanafunzi walimpa jina la Magista, ambalo kwa Kilatini ni mwalimu tu, na likamganda hadi leo. Hata mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, humwita hivyo akiwa hasikii. Alipofiwa na mkewe alihamia kwetu na sanduku la vitabu na seti moja ya meno ya bandia. Meno nayataja kwa sababu yalikaa nasi mezani. Akianza kula aliyatoa, eti yanamkwaruza, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji iliyo karibu, iwe yake au ya mwenzake. Akitaka kufundisha aliyarudisha kinywani yakichuruzika, kwa sababu herufi za Kilatini hazitoki vizuri kwenye ufizi. Hata yakiwemo, mate yalimruka. Nilikuwa nikiona tone linatua kwenye mkate wa mwanangu, na mwanangu anaula.

Nilijikaza kwa sababu moja, naisema waziwazi. Binti yetu wa pekee alikuwa anamaliza shule ya msingi, na shule ile ya bweni haichukui mtoto mpaka asailiwe kwa mdomo, Kilatini kikiwemo. Mkuu wa shule wa sasa ni mwanamke aliyesomeshwa na Magista mwenyewe. Neno la mzee lingemfungulia mtoto mlango au lingemfungia. Nilitaka aingie, na mume wangu alitaka zaidi yangu, maana ndiko alikosoma. Lakini nilitaka aingie akiwa bado ni yule mtoto niliyemzaa, na kadiri wiki zilivyopita nikaanza kuogopa kwamba nitapata moja na kukosa jingine.

Magista hakutumia ubao. Alitumia viti. Katika lugha yetu, alisema, mtu ni mtu, neno lake halibadiliki hata akipiga au akipigwa. Kwenye Kilatini nomino ina mkia, na mkia unabadilika kulingana na kazi ya neno kwenye sentensi. Basi kila kazi akaipa kiti chake kuzunguka meza yetu. Kiti cha dirishani kilikuwa cha mtenda. Ukikaa hapo wewe ni *puella*, msichana, neno zima kama lilivyozaliwa. Ukihamia kiti cha mkabala, cha mtendwa, unakuwa *puellam*. Kiti cha kabatini ni cha mtendewa, yule anayepewa kitu au kuambiwa jambo, na hapo unakuwa *puellae*. Palikuwa na kiti cha mwenye mali, na mlangoni palikuwa pa anayeitwa. Kifaa cha kutendea kazi kiliwekwa katikati ya meza, na kifaa hicho siku zote kilikuwa rula yake ya mbao. Mtoto alihama kiti hadi kiti akitaja mkia wake. Usikariri, kaa, mzee alikuwa akimwambia. Mwili ukishajua kiti chake, ulimi hauwezi kukosea.

Haki yake nampa, njia ile ilifanya kazi. Binti yangu alishika mikia yote kabla hata hajaanza kuchoka nayo. Alishika na vitenzi pia: *amo* ninapenda, *amas* unapenda, *amat* anapenda, mkia mmoja kwa kila mtu. Magista alimwambia kwamba kitenzi kwa kawaida hukaa mwisho wa sentensi. Hilo mzee alilipenda kupita yote. Mtendwa anakaa kwenye kiti chake, alisema, anasikia jina lake limetajwa, anajua kuna jambo litamfika, na hajui ni jambo gani mpaka neno la mwisho. Alicheka mpaka akalazimika kuyashika meno.

Mwanzoni tulizunguka sote. Nilikaa kiti cha mtendwa, binti yangu akasema, kwa lugha yetu, msichana anampenda mama, akanikumbatia shingoni. Siku hiyo hata mimi nilicheka. Lakini mume wangu ni mpima ardhi, nusu ya mwezi yuko porini, na mimi nina zamu zangu. Ikawa anayepatikana kila siku ni Dada.

Dada ni msaidizi wetu wa nyumbani. Aliingia kwetu binti akiwa mchanga wa wiki chache, na mikono iliyomwogesha, iliyomlisha uji na kumshika alipoanza kutembea ni yake kuliko yangu. Magista hakumwita Dada. Alimwita Ancilla, ambalo nilidhani ni jina la heshima mpaka nilipouliza, akaniambia bila kupepesa macho kwamba ni mjakazi. Dada mwenyewe alikuwa amelipenda. Alisema lina sauti nzuri.

Hakuna aliyemfundisha Dada neno lolote. Aliitwa kutoka jikoni mikono ikiwa na povu, akaambiwa kaa hapa, simama, kaa pale. Kiti cha mtenda alikipata kwa sentensi moja tu, *ancilla aquam portat*, mtumishi anabeba maji, na hiyo nayo ilibidi iwe kweli. Dada alizunguka meza na jagi limejaa wakati binti anapitia nyakati zote, *portat* anabeba, *portabat* alikuwa akibeba, *portabit* atabeba. Binti akikosea, wanaanza upya, na Dada naye anaanza upya. Nilimkuta siku moja maji yamemmwagikia mpaka kwenye vidole vya miguu, anatabasamu na kumwambia mtoto ajaribu tena, yuko karibu kupatia.

Mabadiliko ya mtoto sikuyaona yote kwa mpigo. Kwanza aliacha kusema Dada, akawa anasema Ancilla, hata asiposoma. Kisha nikamkuta amekaa kitini, kiatu kiko hatua mbili kutoka mguuni pake, anaita jikoni aletewe. Nikamwambia akiokote mwenyewe. Akakiokota, ila alinitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na jeuri. Jeuri ningeijulia dawa.

Halafu kikaja kitenzi *verberat*, anapiga. Magista alishikilia kwamba neno lisilotendwa halikai kichwani. Rula ikagonga meza kwanza. Kisha ikagonga mkono wa kiti. Nilipotoka zamu Jumanne moja nikasimama mlangoni nikiwa bado na mkoba begani, nikaona rula mkononi mwa mtoto inatua kwenye kiganja cha Dada, polepole, huku anataja mikia na babu yake anatikisa kichwa akifuata mapigo.

Nilimwambia Magista kwamba nyumbani kwangu mtu hapigwi, hata kwa Kilatini. Sikumwambia kwa sauti ya chini. Aliyatoa meno, akayafuta kwa kitambaa cha meza, akanieleza taratibu, kwa yale maneno yasiyo na meno, kwamba ni mchezo, kwamba sarufi hiyo imejaa mabwana na watumwa tangu enzi na enzi na si yeye aliyeitunga, na kwamba mimi nimezoea kutafuta wadudu kila mahali. Nikamuuliza Dada. Akasema haina neno, ni mtoto anacheza, tena haiumi. Nikampigia mume wangu, akaniomba nivute subira mpaka usaili upite, mzee ni mzee. Rula niliichukua nikaenda nayo kazini. Kesho yake mezani kulikuwa na nyingine.

Nilizungumza na binti yangu pia, kitandani kwake, nikimchana nywele. Nilimuuliza kama angependa yeye kupigwa kiganjani kila jioni. Akafikiri, maana ni mtoto anayefikiri, akanijibu kwamba lazima mtu akae kwenye kile kiti, la sivyo sentensi haikamiliki.

Mkuu wa shule alikubali kuja nyumbani Jumapili badala ya kutuita ofisini, kwa heshima ya mwalimu wake. Ni mwanamke mpana, suti imemkaa sawasawa, na alizicheka hadithi za Magista kabla hazijafika mwisho. Tulikula. Dada alileta supu, akaleta kuku, akatoa vyombo. Mzee aliyatumbukiza meno kwenye glasi ya mgeni. Mgeni aliona. Akacheka, akasema Magista hajabadilika hata kidogo, akaisogeza glasi pembeni kwa kidole kimoja na kuendelea kula. Nilimtazama yule mama msomi akimpaka mzee mafuta huku ufizi wa bandia unamwangalia kutoka majini, nikaweka uma chini. Kuku wangu nilimrudisha jikoni mzima.

Baada ya chakula viti vikapangwa. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la bluu na amesukwa vizuri. Dada alimsuka tangu asubuhi. Alizunguka viti vyote na neno *rosa*, ua la waridi, hakukwama hata mara moja. Akapewa sentensi ya mwalimu anayempa msichana ua, akaweka kila mtu kitini pake. Mume wangu alikuwa anapumua kwa mdomo kwa furaha. Mimi pia moyo ulinienda mbio, siwezi kukana. Alikuwa anatia fora.

Mkuu wa shule akasema lililobaki ni moja. Atunge sentensi yake mwenyewe, ambayo babu hajampa, yenye mtenda, mtendwa, kifaa na kitenzi.

Binti akafikiri kidogo, kisha akaita, "Ancilla."

Dada alikuwa anakusanya sahani. Aliziacha, akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda kukaa kwenye kiti cha mtendwa bila kuuliza, maana alikwisha kukizoea. Binti yangu akasimama mbele yake. Akajigusa kifua, akasema *puella*. Akamwonyesha Dada, akasema *ancillam*. Dada alimtazama mdomoni akingoja, ameshatabasamu, anamtakia mtoto wake apatie. Nilivijua vitenzi alivyokuwa navyo mtoto yule. Alikuwa na anapenda, anasifu, anaita, anangoja. Kisha akasema *regula*, kwa rula, akaiokota mezani, nami nikasukuma kiti changu nyuma.

"*Verberat*," akasema.

Hakupiga kiganja. Alimpiga Dada shavuni kwa upana wa rula, na mlio wake ulifika jikoni.

Mkuu wa shule akapiga makofi. Akasema mikia yote sahihi, mpangilio sahihi, na tena ana ujasiri. Magista alikuwa analia kwa furaha, machozi na mate vinakutana kidevuni. Mume wangu alipiga makofi mawili kisha mikono ikabaki hewani. Na Dada, ambaye mstari mwekundu ulikuwa unamchomoza shavuni, aliendelea kutabasamu kwa sababu palikuwa na mgeni. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anamtazama babu yake, anang'aa, na hakumtupia Dada jicho hata la kuhakikisha kama amemuumiza. Nilimwonea kinyaa. Mtoto wangu niliyembeba tumboni, nilimwonea kinyaa, na sikutamani kumgusa.

Nilizunguka meza. Nikamwambia Dada ainuke, nikakaa mimi kwenye kile kiti.

"Rudia," nikamwambia binti yangu. "Sentensi ileile. Mtendwa ni mimi."

Magista akaingilia kati kwamba neno la mama liko kwenye kundi jingine, lina mikia mingine, na mtoto bado hajaifikia. Nikamwambia mkia atauacha. Mkuu wa shule alikuwa anacheka bado, anadhani ni sehemu ya onyesho. Binti alimtazama babu yake. Mzee akamkubalia kwa kichwa. Akainua rula. Niliiona mpaka kwenye ukingo wake, wino uliofutika, alama za meno ya mtoto kwenye pembe. Ikakaa hewani, kisha akaishusha.

"Siwezi, Mama."

"Kwa nini? Dada umeweza."

Alinishangaa, kama nilivyomwona akishangaa siku ya kiatu.

"Lakini wewe ni mtu," akasema.

Nyuma yangu nilisikia sahani zinawekwa chini, moja moja, taratibu, na mtu ambaye hataki zivunjike.

Mkuu wa shule alikuwa wa kwanza kupata ulimi. Akasema, kwa sauti ya kufunga kikao, kwamba watoto wana maneno, na kwamba nafasi ya binti ipo, asiwe na shaka. Nikamwambia nafasi hiyo ampe mwingine. Mume wangu akafungua mdomo. Nilimgeukia, akaufunga. Magista akaanza kusema kuhusu miaka aliyofundisha na aina ya wanawake ambao wanawe wanawaoa, lakini meno yalikuwa bado kwenye glasi na nusu ya maneno haikueleweka. Mgeni alichukua mkoba wake, ukaligonga bakuli la supu likaanguka, akaaga kila mtu isipokuwa mimi.

Nilimfuata Dada chumbani kwake. Nguo zake zote ziliingia kwenye begi moja na halikujaa. Nilimwomba radhi, nikamwomba abaki, nikamwambia mzee ataondoka yeye, kesho ileile, na nilimaanisha. Alinisikiliza akikunja kanga hadi nilipomaliza.

"Rula imeshapita, mama," akasema. "Lile neno ndilo siwezi kulala nalo."

Nilimbebea begi mpaka kwa dada yake, mitaa miwili kutoka kwetu. Njiani watu walimwangalia shavu, akaligeuzia upande wa ukuta.

Niliporudi, mume wangu alikuwa amejifungia chumbani. Sebuleni kila kitu kilikuwa kama tulivyokiacha, sahani sakafuni, mafuta ya kuku, supu iliyomwagika chini ya meza na kuanza kuganda. Magista alikuwa amekaa kiti cha dirishani na kitabu chake, meno yamerudi mahali pake. Binti yangu alikuwa amesimama katikati, hajui aende wapi. Akaniuliza, "Dada akichelewa, kesho nani atanisuka?"

Nilijaza ndoo, nikatupa matambara mawili ndani yake, nikampa moja. Nikapiga magoti upande mmoja wa meza, naye akapiga magoti upande wa pili na gauni lake la bluu. Hakujua kukamua. Nikamwonyesha mara moja. Tukafuta, maji yakawa rangi ya mchuzi, akawa anakunja uso kila alipochovya mkono.

Akafuta mpaka akafika dirishani. Supu ilikuwa imetambaa hadi chini ya kiti cha babu yake. Akasimamisha tambara, akangoja. Mzee alihisi kuna mtu miguuni pake. Hakushusha kitabu, hakuangalia ni nani. Aliinua miguu yote miwili, akaishikilia hewani apitishiwe tambara, akalamba kidole na kufungua ukurasa.

Binti yangu alibaki vilevile kwa magoti, soksi za mzee zikiwa karibu na uso wake. Alizitazama. Akapandisha macho polepole mpaka kwenye kile kidole chenye mate, akashuka tena. Pua ikamkunjamana, mdomo ukamwenda upande. Kisha akautazama mkono wake mwenyewe wa kulia, ulioshika tambara, akautazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabaki vilevile.